Magugu kati ya matofali ya njia

Magugu kati ya matofali ya njia ni mimea inayoota yenyewe katika mianya ya sakafu ya nje iliyotandazwa kwa matofali ya saruji, mawe au vigae. Sakafu za namna hiyo huonekana kwenye njia za kuingizia gari nyumbani, nyua, maegesho, vituo vya mafuta na njia za waendao kwa miguu. Nchini Kenya matofali haya huitwa kwa kawaida kabro. Nchini Tanzania mafundi wengi husema pevingi. Magugu yenyewe si ya aina ya pekee. Ni yaleyale yanayojulikana shambani na kando ya barabara, isipokuwa yamepata nafasi katika ufa wenye upana wa milimita chache.

Mwenye nyumba huyaona kwanza kama suala la usafi. Hata hivyo yanahusu mambo mengine pia: uimara wa sakafu, njia ya maji ya mvua, na hasa uamuzi wa kumwaga au kutomwaga sumu mahali ambapo watoto wanacheza, kuku wanadonoa na maji yanatiririka moja kwa moja hadi mtaroni.

Muundo wa sakafu

Sakafu ya matofali ya saruji ina tabaka kadhaa. Chini kabisa ni udongo wa asili ulioshindiliwa. Juu yake huwekwa kifusi, changarawe au kokoto, kwa kawaida unene wa sentimita 10 hadi 15 au zaidi panapopita magari, nayo hushindiliwa kwa mashine. Kisha hutandazwa mchanga wa kulalia wenye unene wa sentimita 3 hadi 5, na juu ya mchanga huo hupangwa matofali. Matofali ya njia za miguu na nyua za kawaida huwa na unene wa milimita 60. Yale ya kubeba magari mazito milimita 80. Mwishoni mchanga mwembamba mkavu hufagiwa juu ya sakafu yote ili uingie katika mianya, ambayo huwa na upana wa milimita 2 hadi 5.

Mchanga wa mianya una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Tofali moja likikanyagwa na gurudumu, ni mchanga huo unaolifanya libanane na majirani zake ili wote wabebe mzigo kwa pamoja. Mwanya ukiwa mtupu, kila tofali hubeba peke yake, huanza kucheza, na kingo zake humeguka. Kwa hiyo mwanya si kasoro ya ujenzi inayopaswa kuzibwa kwa gharama yoyote. Ni sehemu ya ujenzi wenyewe. Pia hupitisha sehemu ya maji ya mvua kwenda chini.

Urefu wa mianya hushangaza ukihesabiwa. Tofali la mstatili lenye urefu wa milimita 200 na upana wa milimita 100 huhitajiwa mara 50 ili kufunika mita moja ya mraba, na katika mita hiyo moja mna takriban mita 15 za mianya. Njia ya gari yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 15 ina basi takriban mita 900 za mianya. Kila mwanya ukiwa na upana wa milimita 3, jumla ya eneo lake ni mita za mraba 2.7, yaani tuta dogo la mboga lililokatwakatwa kuwa nyuzi. Hii inaeleza kwa nini kazi ya kupalilia sakafu inachosha kuliko mtu anavyotazamia.

Mbegu zinatoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba magugu hutoka chini ya matofali, na kwa sababu hiyo hutandaza nailoni kabla ya kuweka mchanga. Kwa sehemu kubwa dhana hiyo si sahihi. Mbegu nyingi hufika kutoka juu: huletwa na upepo, maji ya mvua, ndege, sisimizi, nyayo za viatu, magurudumu ya gari na ufagio. Mchanga mpya wa mianya hauna rutuba, lakini baada ya muda vumbi, majani yaliyooza, kinyesi cha ndege na udongo wa maua ya kando hujikusanya juu yake. Uchafu huu hushika unyevu. Mbegu ikiangukia hapo imepata kitanda, na matofali ya pande zote mbili huikinga na jua kali pamoja na kanyagio la miguu.

Nailoni iliyowekwa chini haiwezi kuzuia mbegu iliyoota juu. Zaidi ya hayo huzuia maji yasishuke, hivyo mchanga wa kulalia hubaki na maji na matofali huanza kuzama. Pale ambapo kitambaa huhitajika hutumiwa kile maalumu cha ujenzi kinachopitisha maji, nacho huwekwa ili kutenganisha kifusi na udongo laini, si kwa ajili ya magugu.

Kuna mimea michache inayotoka chini kweli, nayo ndiyo inayosumbua zaidi. Wa kwanza kati yake ni ndago.

Mimea inayopatikana

Ndago (Cyperus rotundus) hufanana na nyasi lakini ni wa familia ya Cyperaceae. Shina lake la maua lina pembe tatu, na mtu anaweza kulitambua kwa kulizungusha kati ya vidole. Chini ya ardhi una viazi vidogo vyeusi au vya kahawia vilivyounganishwa na mashina membamba kama shanga katika uzi. Viazi vingi hupatikana katika sentimita 15 za juu za udongo, vingine chini zaidi. Kila kiazi kina machipukizi kadhaa. Majani yakivutwa hukatika, kiazi kinabaki, na baada ya siku chache chipukizi lingine linatoka. Ncha ya chipukizi ni kali kiasi cha kutoboa nailoni. Kama eneo lilikuwa na ndago kabla ya ujenzi na udongo haukuondolewa, utatokea kati ya matofali hata kama kazi ilifanywa vizuri. Wanasayansi wa magugu mara nyingi huutaja kuwa mmoja wa mimea sumbufu kuliko yote duniani, na mkulima yeyote wa pwani hahitaji kuambiwa hivyo.

Ukoka (Cynodon dactylon) huingia kutoka kando. Mashina yake hutambaa juu ya ardhi na chini yake, hufuata mwanya kama mfereji, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi. Mara nyingi ukoka wa sakafuni ni mkono tu wa ukoka wa bustanini: mtu akikata ule wa sakafuni bila kuweka mpaka na bustani, amekata kucha tu.

Nyasi ya Eleusine indica, ndugu wa karibu wa ulezi, ni mmea wa mwaka mmoja unaopenda ardhi iliyoshindiliwa. Huota kwa umbo la duara lililolala, kitovu chake kikiwa cheupe, na mizizi yake hushika kwa nguvu nyingi hata mtu mzima akashindwa kuung'oa mchanga ukiwa mkavu.

Mimea yenye majani mapana ni mingi. Portulaca oleracea ina mashina mekundu manene yanayotambaa na majani yenye maji. Ukitupwa juu ya sakafu baada ya kung'olewa unaweza kuota mizizi tena, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu. Mziwaziwa (Euphorbia hirta) na ndugu zake wadogo wanaolala chini hutoa utomvu mweupe unaoweza kuwasha ngozi na kudhuru macho. Oxalis corniculata ina majani matatu yenye umbo la moyo na ladha chachu. Matunda yake hupasuka na kurusha mbegu mbali. Tridax procumbens husambaa kwa upepo, kishona nguo (Bidens pilosa) kwa kung'ang'ania nguo na manyoya ya wanyama. Mchicha wa porini huota pia, hasa karibu na jikoni.

Kundi la mwisho ni miche ya miti. Mwarobaini, mlusina (Leucaena leucocephala) na miti ya jenasi Ficus huota kwa urahisi katika nyufa. Mche wenye majani manne unavutwa kwa vidole viwili. Mche uleule baada ya miaka miwili umekuwa na mzizi unaoinua matofali na kutafuta bomba la maji, na kuuondoa kunadai kubomoa sehemu ya sakafu. Mbegu za Ficus huletwa na ndege na popo, kwa hiyo huonekana zaidi chini ya nyaya za umeme na kando ya kuta. Magofu ya miji ya kale ya Waswahili kama Gede nchini Kenya yanaonyesha vizuri mizizi ya miti inavyoweza kukumbatia na kupasua ukuta wa mawe pasipo mtu wa kuiondoa.

Mahali penye kivuli na unyevu, kwa mfano upande wa nyumba usiopata jua au chini ya tangi la maji, mianya hujaa mosi na mwani mdogo wa kijani. Hayainui matofali, ila hufanya sakafu iteleze, na wazee huanguka.

Katika Ulaya orodha ni tofauti: Poa annua, Taraxacum, Plantago major, Polygonum aviculare na Sagina procumbens ndizo zinazotajwa zaidi. Kanuni ni zilezile.

Kung'oa kwa mkono

Njia ya kale kuliko zote bado ni ile yenye uhakika zaidi kwa eneo la nyumbani. Wakati wake ni siku moja au mbili baada ya mvua, mchanga ukiwa na unyevu lakini si tope. Mmea unaong'olewa kabla ya kutoa maua ni mmoja. Unaong'olewa baada ya mbegu kukomaa umeshaacha mamia ya wengine, na kuufagia huzisambaza mbegu hizo katika mianya yote. Katika maeneo ya mvua za masika na vuli, mapalilio mawili ya mapema katika kila msimu hupunguza kazi kuliko palilio moja kubwa mwishoni.

Kifaa kinachohitajika ni chembamba kuliko mwanya. Nchi nyingi huuza visu maalumu vyenye ncha iliyopinda kwa pembe mraba, lakini kisu cha zamani cha jikoni, bisibisi bapa au kipande cha msumeno wa chuma kilichofungwa kitambaa upande wa kushikia hufanya kazi ileile. Kifaa hupitishwa kando ya tofali, mzizi hukatwa au kuinuliwa kutoka chini, kisha mmea huvutwa kwa kushikwa karibu kabisa na ardhi. Kuvuta majani peke yake hakusaidii. Brashi ya waya hufaa kwa mosi na miche michanga, ila hukwaruza rangi ya matofali.

Kwa ndago hakuna njia ya mkato. Kila chipukizi linalokatwa linakigharimu kiazi sehemu ya chakula kilichohifadhiwa. Likikatwa tena kila mara kabla ya kupata majani mengi, kiazi hudhoofika na mwishowe hufa. Ratiba ya mara moja kwa wiki au mbili katika msimu mzima wa mvua hufanikiwa, ratiba ya mara moja kwa mwezi hukipa kiazi nafasi ya kuzaa vingine. Pale ambapo ndago umeshika eneo dogo, fundi anaweza kuinua matofali, kuchekecha mchanga na udongo wa juu ili kutoa viazi, kuvianika juani vikauke kabisa, na kupanga matofali upya. Hiyo ni faida ya sakafu ya matofali ambayo zege haina: inafunguka na kufungwa.

Magugu yaliyong'olewa hayaachwi juu ya sakafu. Yasiyo na mbegu huweza kuwekwa kwenye mboji. Viazi vya ndago na mashina ya ukoka havifai kwa mboji kabla ya kukaushwa. Mchicha na Portulaca ni mboga zinazolika, lakini ile iliyoota penye magari haipaswi kuliwa kutokana na oili, moshi na uwezekano wa kuwepo dawa.

Joto

Seli za majani hupasuka zikipata joto la takriban sentigredi 60 hadi 70 kwa muda mfupi. Si lazima mmea uungue. Jani likibonyezwa baada ya kupashwa joto na alama ya kidole ikabaki, kazi imekwisha. Kutokana na kanuni hii miji mingi ya Ulaya hutumia mashine za mvuke, za maji ya moto yaliyokaribia kuchemka, au za mwali wa gesi. Nyumbani maji yaliyochemshwa ya birika au sufuria hufanya vivyo hivyo, na maji yaliyobaki baada ya kuchemsha viazi au mayai yanatosha kwa mianya ya karibu na mlango wa jikoni.

Joto huua miche michanga moja kwa moja. Mimea yenye mizizi minene au viazi huchipua tena, kwa hiyo zoezi hurudiwa mara kadhaa katika msimu. Ubaya wake ni kwamba maji hupoa haraka: birika la lita 2 hutosha mita chache tu za mwanya, na kuchemsha maji ya mita 900 kwa kuni au mkaa kungekuwa ghali kuliko kumlipa kibarua. Aidha kubeba maji ya moto karibu na watoto ni hatari kubwa kuliko gugu lolote. Mwali wa gesi huwasha majani makavu, uzio wa michongoma na paa za makuti. Usitumike karibu na vitu hivyo.

Chumvi, siki na oili chafu

Ushauri unaosambaa sana ni kumwaga chumvi. Chumvi huua kweli, kwa kuvuta maji kutoka mizizini, lakini haiondoki: huyeyuka na mvua, huenda kwenye udongo wa bustani na mizizi ya miti ya jirani, huozesha vyuma, na ikikauka ndani ya matofali hufanya fuwele zinazomomonyoa uso wake.

Siki ya dukani ina asidi asetiki ya takriban asilimia 4 hadi 5. Huunguza majani ya mimea michanga siku ya jua, mizizi hubaki. Asidi hiyo pia hula saruji taratibu na kuacha madoa. Asidi asetiki yenye nguvu zaidi huweza kupofusha macho. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, wala zisimwagwe mahali pamoja, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Onyo hili linastahili kurudiwa kwa sababu zote mbili hukaa kabati moja jikoni.

Katika Afrika ya Mashariki wengine humwaga oili chafu ya injini au dizeli. Mimea hufa. Oili hubaki miaka mingi, huingia kwenye maji ya ardhini na visima, na sakafu huwa na madoa yasiyotoka.

Viuagugu

Dawa inayotumiwa zaidi duniani ni glifosati. Iligunduliwa kuwa kiuagugu na mkemia John Franz wa kampuni ya Monsanto mwaka 1970 na kuanza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Siku hizi hutengenezwa na makampuni mengi kwa majina mengi. Huingia kupitia majani, husafiri hadi mizizini, na kuzuia kimeng'enya ambacho mimea hukihitaji ili kutengeneza baadhi ya asidi amino. Kwa kuwa lazima isafiri ndani ya mmea ulio hai, kuinyunyizia mimea iliyokauka kwa kiangazi au kukata majani kwanza ni kupoteza dawa. Viazi vya ndago vilivyolala havifikiwi nayo.

Shambani glifosati hunaswa na chembe za udongo. Juu ya matofali hakuna udongo wa kutosha kuinasa, na mvua ya kwanza huisukuma hadi kwenye mfereji, mto au bahari. Hii ndiyo sababu sheria za nchi kadhaa zimekuwa kali kwa sakafu za nje kuliko kwa mashamba. Kuhusu afya ya binadamu, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani (IARC) liliiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani; mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya (EFSA) mwaka huohuo ilisema haielekei kuwa hivyo. Umoja wa Ulaya uliongeza kibali chake mwaka 2023 kwa miaka 10. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na swali lenyewe: IARC huuliza kama kitu kinaweza kudhuru, wadhibiti huuliza kama kinadhuru kwa kiasi kinachotumika.

Matumizi ya mara kwa mara huzaa magugu sugu. Eleusine indica isiyokufa kwa glifosati iligunduliwa nchini Malaysia mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo imeonekana katika nchi nyingine.

Kiuagugu kingine, parakwati, huunguza majani kwa saa chache na kwa hiyo huwavutia wanunuzi. Ni sumu kali mno kwa binadamu. Kuimeza hata kidogo huweza kuua, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Imepigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya tangu 2007. Hakuna ua wa nyumba unaohitaji parakwati.

Ajali nyingi za nyumbani hazitokani na kunyunyizia bali na kuhifadhi. Dawa iliyogawanywa dukani na kutiwa katika chupa ya soda au maji ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Dawa ibaki katika chombo chake chenye lebo, ifungiwe juu, na anayenyunyizia avae glavu, mabuti, miwani na nguo ndefu, asinyunyizie kukiwa na upepo wala mvua inapokaribia. Bomba lililotumika halisafishwi kisimani. Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) yenye makao Arusha, nchini Kenya na bodi inayojulikana kwa kifupi PCPB. Chombo kisicho na namba ya usajili hakifai kununuliwa.

Kujaza mianya upya

Kung'oa bila kujaza ni nusu ya kazi. Mwanya uliobaki mtupu hukusanya uchafu haraka, na palilio la msimu ujao huwa kubwa zaidi. Baada ya kuondoa magugu, uchafu mweusi wa juu hukwanguliwa, sakafu huachwa ikauke kabisa, kisha mchanga mwembamba mkavu uliochekechwa humwagwa na kufagiwa kwa mshazari mpaka mianya ijae. Hurudiwa baada ya siku chache kwa kuwa mchanga hushuka. Kwa mwanya wa milimita 3 na tofali la milimita 60 huhitajika takriban lita 2.7 za mchanga kwa mita ya mraba ikiwa mianya ilikuwa mitupu kabisa. Njia ya gari iliyotajwa juu ingedai ndoo 8 za lita 20. Mchanga wa baharini usiooshwa haufai kwa sababu ya chumvi.

Mashine ya maji ya shinikizo huacha sakafu iking'aa siku ile na mianya ikiwa mitupu. Anayeitumia bila kujaza mchanga tena ameandaa vitanda vya mbegu.

Kuna mchanga uliochanganywa na polima ambao hushikana ukinyunyiziwa maji. Huzuia miche kwa miaka kadhaa, lakini ni ghali, na ukibaki juu ya matofali kabla ya kumwagiwa maji huacha utando mweupe. Mafundi wengi badala yake hufagia mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga. Huonekana imara mwanzoni. Matofali yakisogea kidogo kwa uzito wa gari, saruji hupasuka kuwa nyufa nyembamba, uchafu huingia, na magugu yanayoota humo ni magumu zaidi kung'oa kwa kuwa mizizi imebanwa. Maji nayo hayapiti, na matofali yaliyoshikana kwa saruji hayawezi kuinuliwa na kutumiwa tena. Saruji inafaa tu kama sakafu nzima, pamoja na msingi wake, imejengwa kwa zege.

Ukingo ni muhimu sawa na mwanya. Safu ya mawe ya pembeni yaliyosimikwa katika zege huzuia matofali yasisambae na huzuia ukoka usiingie kutoka bustanini. Kufagia kila siku, desturi ya nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, kwenyewe ni kinga: mbegu na vumbi huondolewa kabla ya kukaa. Njia inayopitwa na gari na miguu kila siku huwa na magugu machache katikati, mengi pembeni na chini ya gari lililokufa.

Sheria katika nchi nyingine

Nchini Ujerumani sheria ya kulinda mimea inakataza kutumia viuagugu juu ya sakafu za nje zisizo za kilimo bila kibali maalumu, pamoja na njia ya gari ya nyumba binafsi, na faini inaweza kufika yuro 50,000. Uholanzi ilikataza wafanyakazi wa kitaalamu kutumia viuagugu vya kemikali juu ya sakafu ngumu mwaka 2016. Nchini Ufaransa sheria iliyopitishwa mwaka 2014, iitwayo sheria ya Labbé kwa jina la seneta aliyeipendekeza, iliondoa viuatilifu vya kemikali katika bustani na njia za umma kuanzia 2017 na katika bustani za watu binafsi kuanzia 2019. Baada ya hapo halmashauri zililazimika ama kuajiri watu wengi zaidi wa kupalilia, ama kununua mashine za joto, ama kukubali kwamba njia za mji zitakuwa na majani kidogo.

Mimea ya mianya kama somo

Uamuzi huo wa tatu umezaa udadisi. Tangu 2011 makumbusho ya taifa ya historia ya asili ya Ufaransa na jumuiya ya wapenda mimea ya Tela Botanica wamewaalika wakazi, wakiwemo wanafunzi wa shule, kutambua mimea ya porini inayoota katika mitaa yao. Mjini Toulouse mtaalamu wa mimea Boris Presseq amejulikana kwa kuandika majina ya mimea kwa chaki juu ya njia, kando ya mmea wenyewe.

Mimea ya mijini imeonyesha pia mageuko ya spishi yakitokea kwa haraka. Mjini Montpellier mmea Crepis sancta huota katika vishimo vya udongo vilivyoachwa kuzunguka miti ya barabarani. Hutoa mbegu za aina mbili: nyepesi zenye manyoya yanayopeperushwa, na nzito zinazoanguka chini ya mama. Katika mji uliojaa zege na lami, mbegu inayopeperuka ina uwezekano mkubwa wa kuangukia mahali pasipoota kitu. Pierre-Olivier Cheptou na wenzake walitangaza mwaka 2008 kwamba mimea ya vishimo hivyo, ikipandwa katika kitalu kimoja na ile ya mashambani, ilitoa sehemu kubwa zaidi ya mbegu nzito. Walikadiria kwamba badiliko hilo lilihitaji vizazi 5 hadi 12 tu, na kwa mmea wa mwaka mmoja hiyo ni miaka 5 hadi 12.

Wasanifu wengine huacha mianya mipana kwa makusudi au kutumia matofali yenye matundu na kupanda ukoka au nyasi fupi ndani yake. Sakafu ya namna hii hupitisha maji mengi zaidi, huwa na joto dogo mchana, na hufaa kwa maegesho yasiyotumika kila saa. Inadai kukatwa nyasi na, wakati wa kiangazi, maji. Haifai mahali ambapo gari huegeshwa siku nzima, kwa kuwa nyasi zilizokosa mwanga hufa na nafasi yake kuchukuliwa na Eleusine indica na ndago.